Kinanda Kipya Kinakuja

Kinanda cha kwanza nilikiona kwenye duka la Mnyakyusa mmoja aliyeuza redio, pasi na saa za ukutani, kwenye barabara inayoshuka sokoni pale Sumbawanga. Alikuwa amekisimamisha wima ndani ya kabati la kioo, kati ya redio kaseti mbili, na kwa kuwa kilisimama hivyo watu wengi hawakukitambua. Mwanamke mmoja niliyekuwa nimesimama naye dirishani aliniuliza kama ile ni mashine ya kupigia chapa. Nikamwambia ni kinanda. Akasema kinanda kina miguu, akaenda zake.

Hakukosea sana. Vinanda tulivyovijua vilikuwa na miguu, tena vilitaka na miguu ya mpigaji. Mimi nilijifunzia kwenye kinanda cha masista, misheni nilikosoma. Unakanyaga huku na huku kama fundi cherehani, upepo unaingia ndani, sauti inatoka. Sista aliyenifundisha hakuwa na subira, na mimi sikuwa na vidole virefu, lakini nilipomaliza shule nilikuwa naweza kupiga misa nzima bila kuangalia mikono. Nikawa mwalimu wa shule ya msingi, nikaolewa, tukahamia mjini. Kanisani kwetu nikakuta kinanda cha namna ileile, ila panya walikuwa wametoboa mfuko wake wa upepo. Kilikoroma. Nilikipiga hivyohivyo kila Jumapili, nikijifunza kuzikwepa sauti zilizokufa, hadi siku moja kiliponyamaza kabisa katikati ya misa. Kwaya ikamalizia wimbo peke yake, mimi nikiwa nimekaa mbele ya watu wote, mikono iko juu ya vibao na miguu bado inakanyaga.

Hiyo ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Malori yalikuwa yakipanda kutoka Tunduma na vitu ambavyo tulikuwa tumeshasahau kwamba vipo. Mitumba ilimwagwa chini sokoni kama mahindi. Sabuni ilikuwa ya rangi mbalimbali, na mtu aliweza kuchagua harufu. Mimi nilikuwa na umri wa kutosha kukumbuka foleni za duka la ushirika, tulipokuwa tukiacha jiwe mahali petu ili twende kunyonyesha na kurudi, na mara nyingi ukirudi unalikuta jiwe lako lakini sabuni imekwisha. Kwa hiyo nilipoona kinanda kipya kabisa kwenye kioo, kikiuzwa kwa mtu yeyote, bila kibali, nilisimama pale muda mrefu kuliko ilivyofaa kwa mwalimu.

Mwenye duka alitoka nje.

"Mwalimu, unatazama bila kuingia kama askari. Karibu."

"Kinapiga?"

"Mimi sijui kupiga. Nikiwasha, chenyewe kinapiga ngoma." Akakitoa, akakilaza juu ya kaunta. Wakati ule umeme wa mji ulitoka kwenye jenereta na mchana mara nyingi haukuwepo, kwa hiyo akatia betri zilezile za tochi, moja baada ya nyingine. Kikawaka taa nyekundu ndogo.

Nikapiga wimbo mmoja wa Kwaresima, polepole, kwa sababu vibao vyake vilikuwa vyepesi na vidole vyangu vilizoea kusukuma. Sehemu ya kwanza niliipiga nikiogopa. Ya pili sikuogopa. Nilipoinua kichwa, mlangoni walikuwa wamesimama watu, mmoja ameshika kuku kwa miguu. Mwenye duka akasema, "Kumbe kinapiga."

Nyumbani nilimweleza mume wangu. Yeye alikuwa bwana shamba, mtu mtaratibu, asiyelewa na asiyenunua kitu kwa pupa. Hakuwa mbahili. Alipenda tu kujua kwamba alichonunua ndicho kilicho bora. Akaniambia, "Sikatai. Ila tumuulize kwanza mdogo wangu. Yule ndiye anayejua vitu hivi."

Mdogo wake alikuwa Dar es Salaam, anauza vyombo vya muziki na redio kwenye duka moja Kariakoo. Mume wangu alikwenda posta, akasubiri simu iunganishwe, akarudi jioni.

"Anasema usinunue hicho. Ni cha zamani. Kuna kingine kinakuja, sauti nyingi zaidi, bei ileile. Anasema tusubiri kidogo."

Tukasubiri. Sikuona ubaya wa kusubiri kidogo. Lakini siku moja nilipopita dukani nikakuta kwenye kabati, kati ya redio mbili, zimepangwa chupa za chai. Mwenye duka akaniambia kinanda kimekwenda Matai, kimechukuliwa na mwenye baa.

Nilikisikia baadaye. Tulikwenda Matai na walimu wenzangu kwenye msiba, na tukirudi kituoni kungoja gari nikasikia ule mdundo aliouwasha yule Mnyakyusa siku ile, ukitoka ndani ya baa. Nikasogea dirishani. Kinanda kilikuwa juu ya meza, kimeunganishwa na spika kubwa, kinapiga ngoma chenyewe, na hapakuwa na mkono wa mtu juu yake. Watu walikuwa wakinywa. Hakuna aliyejua kukipiga, wala hakuna aliyejali. Walimu wenzangu walidhani nalia kwa ajili ya msiba.

Cha pili kilikuja msimu wa mvua ulipokwisha, barabara ya Tunduma ilipokauka. Kilikuwa kweli kizuri kuliko cha kwanza. Kilikuwa na sauti ya filimbi, ya zeze, ya kinanda cha kanisa chenyewe. Mwenye duka aliniita mimi wa kwanza, tena alimtuma mtu shuleni. Mume wangu akaenda tena posta, na safari hii nilikwenda naye, nikazungumza mwenyewe na shemeji yangu kwenye simu iliyokuwa ikikwaruza.

"Shemeji, hicho kizuri. Siwezi kukudanganya," alisema. "Lakini vibao vyake havijui mkono. Ukibonyeza kwa nguvu, ukibonyeza polepole, sauti ni ileile. Kinachokuja kinajua mkono. Wewe ni mpigaji, utaona tofauti. Subiri hicho."

Maneno hayo yaliniingia. Hata kinanda cha masista hakikujua mkono. Nilirudi nyumbani nikifikiria kinanda kinachosikia vidole vyangu jinsi vinavyogusa, na wazo hilo lilinifurahisha kiasi kwamba sikumlaumu mtu. Nikasubiri tena.

Cha pili wakakichukua walokole. Walikuwa wamejenga kanisa la mabati ng'ambo ya bonde, mbali kidogo na letu, na Jumapili upepo wa Sumbawanga ulipovuma kutoka upande wao ulituletea ile sauti ya zeze na filimbi mpaka ndani ya misa. Sisi tulikuwa tukiimba kwa ngoma na manyanga. Ngoma ni nzuri, sisemi vibaya juu ya ngoma, lakini zipo nyimbo ambazo zinataka kinanda. Kwaya yetu ilikuwa na wasichana wengi wa sauti ya kwanza, na mmoja mmoja wakaanza kukosekana kwenye mazoezi. Nilipomuuliza mmoja wao njiani, aliinamisha macho, akasema, "Shikamoo, mwalimu. Kule kuna kinanda." Ningemjibu nini?

Basi cha tatu kikaja, karibu na Krismasi. Nacho hakikujua mkono. Mwenye duka mwenyewe aliniambia hivyo, hakunificha.

"Kile alichosema shemeji yako kipo kweli," alisema. "Nimekiona Mbeya kwa macho yangu. Kitafika huku."

"Lini?"

Akapandisha mabega. "Mwalimu, mimi nauza. Kila kitu kinafika. Kikifika, kuna kingine kinafuata."

Krismasi ile shemeji yangu alikuja mwenyewe kutoka Dar, safari ya siku nyingi, amefika na vumbi hadi kwenye kope. Alikuwa kijana mchangamfu, anapendwa na wanangu kwa sababu hakuja kamwe mikono mitupu. Alituletea sweta za mtumba, kila mmoja ya kwake, na mama mkwe wangu, tuliyekuwa tukiishi naye, akamletea koti zito la kijani ambalo alilivaa hata ndani ya nyumba. Kwenye begi alikuwa na kitabu cha picha za vinanda, karatasi zake zinang'aa. Baada ya kula, mvua ikipiga bati, alikifungua juu ya meza akanionyesha kile kinachojua mkono.

"Hiki hapa. Kinakuja mwakani. Shemeji, nakuambia kama ndugu, mimi nauza hivi vitu kila siku. Anayenunua leo, kesho analia."

Mume wangu alikuwa akitikisa kichwa kukubaliana naye.

"Ulisema nisubiri cha kwanza kipite," nikamwambia. "Nikasubiri."

"Na nilikosea? Si kilikuja bora?"

"Hukukosea."

"Na cha pili?"

"Hukukosea pia. Kipo, kimeonekana Mbeya."

"Sasa?"

"Sasa sijapiga kinanda tangu kile cha kanisani kilipokufa. Miaka inakwenda. Mwanangu wa mwisho hajawahi kuniona nikipiga. Anajua tu kuwa najua."

Shemeji yangu akacheka kidogo, kwa upole, kama anayemcheka mtoto mwenye hamu. "Mwaka mmoja tu, shemeji. Umesubiri mingi, huwezi kusubiri mmoja?"

Hapo ndipo nikamweleza habari ya baba yangu. Mume wangu aliijua, lakini mdogo wake hakuwahi kuisikia.

Baba yangu alikuwa katekista upande wa Mwimbi. Alihudumia vigango kadhaa, yale makanisa madogo ya vijijini, na vyote alivifikia kwa miguu, kiangazi na masika, na Biblia yake ndani ya mfuko wa nailoni. Aliomba baiskeli nikiwa bado sijaota meno ya pili. Siku zile baiskeli haikuwa kitu cha kwenda dukani ukanunua. Uliomba, ukapewa kibali, kisha ukangoja. Kila alipouliza aliambiwa zinakuja. Na kweli zilikuja, hawakumdanganya. Baiskeli ya baba ilifika mimi nikiwa nimeshaolewa, nyeusi, nzito, na kengele yake ikilia vizuri. Lakini magoti ya baba yalikuwa yamevimba na hayakunjiki. Aliikokota kutoka barabarani hadi nyumbani, akaiegemeza ukutani, akakaa akaitazama. Kaka zangu ndio walioiendesha, wakipelekea mahindi mashineni. Baba hakuipanda hata siku moja.

"Baba hakuwa na namna," nikamwambia shemeji yangu. "Hazikuwepo. Angefanya nini? Lakini mimi kinanda kipo. Kiko pale dukani, nimekigusa. Leo nasubiri kwa sababu gani? Kwa sababu kuna kingine kizuri zaidi? Kingine kizuri zaidi kitakuwepo hata siku mnanizika."

"Usiseme hivyo," mume wangu akasema.

"Nasema." Nikamgeukia yeye sasa, kwa sababu shemeji yangu alikuwa mgeni na huyu alikuwa wangu. "Wewe ni bwana shamba. Mvua ya kwanza ikinyesha, mkulima wa Mollo ana mbegu yake ya mwaka jana mkononi, na wewe unajua mwakani inakuja mbegu bora kuliko hiyo. Unamwambia aache shamba tupu?"

"Hapana. Apande aliyo nayo."

"Basi mimi Jumatatu napanda."

Mama mkwe wangu, ambaye alikuwa kwenye kigoda karibu na jiko ndani ya koti lake la kijani, na ambaye tulidhani amesinzia, aliuliza kwa Kifipa kitu gani hicho kinachogombaniwa. Mume wangu akamweleza. Akauliza tena kama hicho kitu kinaliwa. Akaambiwa hakiliwi, kinaimba. Akasema kama kinaimba kiletwe. Shemeji yangu akafunga kitabu chake cha picha.

Sikusubiri mtu anipe. Nilikuwa na kishamba changu Mollo, nalima maharage kwa mikono yangu baada ya saa za shule, na maharage ya mwaka ule yalikuwa bado kwenye magunia ndani ya chumba cha nyuma. Jumatatu asubuhi nikayauza. Mchana nikaenda dukani. Mwenye duka alinitazama usoni, hakuniuliza kitu, akaanza kufunga kinanda kwenye boksi lake.

Alitaka kuniitia mwenye mkokoteni. Nikakataa. Nilikunja kanga kuwa kata, nikajitwika boksi kichwani kama ninavyojitwika kuni, na kwa kuwa lilikuwa refu ilibidi nitembee katikati ya barabara ili lisiwagonge watu. Mji mzima ulinijua. Mwenye bucha alitoka na kisu chake akauliza, "Mwalimu, umenunua mlango?" Nikamwambia nimenunua kinanda. "Cha kanisa?" Nikamwambia, "Changu." Nililitamka neno hilo mara nyingi njiani siku ile, na kila nilipolitamka lilikuwa rahisi zaidi kulisema. Mwanamke aliyekuwa na kinanda chake mwenyewe hatukuwahi kumwona. Vinanda vilikuwa vya misheni, vya baa, vya vikundi vya wanaume.

Karibu na ofisi za kilimo mume wangu alinikuta. Alikuwa anakuja na baiskeli yake, akanitambua kwa mbali, akashuka. Hakusema nikupokee, kwa sababu alinijua. Aligeuza baiskeli akaikokota pembeni yangu hadi nyumbani, na watu waliotaka kunicheka waliona tupo wawili wakaacha.

Jioni ile nilipiga mpaka betri zikaanza kuchoka na sauti ikawa inayumba. Mama mkwe wangu aliketi karibu kabisa, ameweka kiganja juu ya spika ili aihisi sauti ikitetemeka. Wanangu walibishana nani abonyeze kibao cha ngoma. Shemeji yangu, aliyebakiza siku chache kabla ya kurudi Dar, alisimama mlangoni na mikono mfukoni. Sikumtazama sana.

Jumapili nilikwenda nacho kanisani. Mwenyekiti wa kwaya, mzee mmoja aliyehamia kutoka Mbeya kwa kazi ya serikali, alinipokea mlangoni kwa furaha, kisha akapunguza furaha.

"Sasa, dada, hiki tukiandike mali ya kwaya?"

"Hapana. Nakuja nacho, naondoka nacho."

"Watu watasema."

"Wataimba kwanza, halafu watasema."

Walisema. Walisema nimejiona. Wengine walisema mume wangu ameshindwa kunitawala, na mmoja wao alikuwa na sauti nzuri ya besi na hakukosa zoezi hata moja baada ya hapo. Wasichana wa sauti ya kwanza wakarudi, wote isipokuwa mmoja aliyekuwa ameposwa na mlokole.

Na sasa nieleze jambo ambalo watu hupenda kuniuliza, kwa sababu wanadhani nitaona haya. Ndiyo, kile kinachojua mkono kilikuja. Hakikuchukua hata mwaka. Kilikaa kwenye kioo kilekile, na bei yake ilikuwa chini kuliko niliyolipa mimi. Mume wangu alikiona kabla yangu. Alirudi nyumbani, akala, akanawa, akanywa chai, ndipo akasema, "Kimefika." Hakusema kwamba nilikuwa nimeambiwa.

Kesho yake nilikwenda dukani. Nilitaka kukijua. Yule Mnyakyusa alikilaza juu ya kaunta bila kuniangalia, nadhani alidhani nitamgombeza. Nikapiga. Nilibonyeza polepole, kikanong'ona. Nikabonyeza kwa nguvu, kikapaza sauti. Kilikuwa ni kitu kizuri sana, sitadanganya. Niliumia, palepale kwenye kaunta, kama mtu anayechomwa na mwiba. Kisha nikafikiria mwaka ule ulivyokwenda: harusi ya binti wa mwalimu mkuu, ubatizo wa Pasaka, na mazishi ya mama mkwe wangu masika yaliyopita, nilipompigia nyimbo zake zote aliposhushwa. Yeye asingekingoja hiki. Nikakizima.

"Kizuri," nikamwambia mwenye duka.

"Nikuchukulie kile chako, uongeze kidogo, ubadilishe?"

"Kile changu kina kazi Jumamosi."

Nikaenda zangu. Na sikukitazama tena kile kioo kwa muda mrefu.

Kinanda changu kilifanya kazi miaka mingi. Nilifundishia wasichana, wawili wawili, kwenye sebule yetu, baada ya masomo. Kilikwenda hadi Matai na Mwimbi kwenye harusi, kimefungwa blanketi juu ya lori la mahindi, nami nimekaa karibu nacho nimekishika. Vumbi la Ufipa likaingia chini ya vibao, viwili vikawa vinakwama, nikawa navichokoa kwa sindano ya kushonea magunia. Kile kibao cha ngoma kilikufa mapema na sikukitengeneza.

Shemeji yangu alikuja tena mara mbili tatu katika miaka hiyo. Safari moja, watu wote wako shambani na mimi nimerudi mapema kuchukua jembe lingine, nilimkuta sebuleni amekaa mbele ya kinanda anatafuta wimbo kwa kidole kimoja. Alikuwa akiupata, akiupoteza. Aliponiona akasimama.

"Kaa," nikamwambia.

"Mimi nauza tu, shemeji. Sijui kupiga."

"Miaka yote hiyo huna chako?"

"Unajua mtu akikaa kule dukani, kila mwezi anaona kipya. Nikasema nitachukua kikija kile ambacho... Basi tu. Sijachukua."

Nikavuta kiti, nikaweka mkono wake vizuri, kidole gumba mahali pake. Vidole vyake vilikuwa vinene na vilikakamaa, lakini alikuwa na sikio. Jembe lilikaa mlangoni mpaka jua likageuka. Alipoondoka wiki ile alikuwa anaweza kupiga nusu ya wimbo mmoja kwa mikono miwili, na kituoni, mguu mmoja umeshakanyaga ngazi ya basi, akaniambia, "Lakini shemeji, mwakani kuna kimoja kinakuja, kinarekodi chenyewe." Nikamwambia asafiri salama.

Kinanda kilikufa kwa umeme. Ilikuwa baada ya mji kuanza kupata umeme mchana na usiku, na sisi tukawa tumesahau habari ya betri. Ulikatika jioni moja, ukarudi kwa nguvu kupita kiasi. Taa zikawaka kama jua, balbu ya jikoni ikapasuka, na kutoka sebuleni nikasikia harufu ya waya unaoungua. Niliuchomoa, lakini nilikuwa nimechelewa. Fundi redio alikifungua akanionyesha ndani palivyokuwa peusi. Akasema kipuri chake hakipo tena duniani, vinanda hivyo vimeshaacha kutengenezwa. Alisema kwa huruma. Nikamwambia si neno, kimekula chumvi.

Mume wangu, aliyekuwa amestaafu na nywele zimekuwa nyeupe zote, alisema, "Labda tumpigie..." halafu akaacha sentensi palepale, akatafuta kofia yake.

Tulikwenda pamoja. Maduka ya vinanda yalikuwa matatu wakati huo, na yule Mnyakyusa alikuwa amerudi kwao Tukuyu. Tuliingia kwenye la kwanza. Muuzaji alikuwa kijana aliyevaa fulana ya timu ya Ulaya, ana simu mkononi.

"Mambo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Nipe kile."

"Kile ni cha mwaka jana, mama. Mwezi ujao tunashusha mzigo mpya, kuna moja kali sana, unachomeka na fleshi. Ungesubiri tu kidogo."

"Kinapiga?"

"Kinapiga, lakini..."

"Kifunge."

Akamtazama mume wangu, kama vijana wanavyomtazama mwanaume aamue. Mume wangu akamwambia, "Umesikia alichosema. Kifunge." Kisha akalichukua boksi akaliweka begani, na safari hii nikamwachia, kwa sababu shingo yangu haikuwa ya siku zile.

Sauti ya kile kinanda sikuipenda mwanzoni. Ilikuwa kali, inakata, na vibao vyake vilikuwa vigumu kuliko nilivyozoea. Jumapili ya kwanza nilikosea mara mbili na kwaya ikanisubiri. Jumapili ya pili nikakosea mara moja. Siku hizi nakipiga bila kukitazama.